Timu Isiyokuwa na Mtani

Kila ninapokwangua ukoko wa wali kwa kijiko cha chuma, mkono wangu husita kidogo. Ule mkwaruzo ni sauti ya viatu vyenye makali vikikata barafu, nami hurudi kuwa mtoto wa miaka tisa kwenye sebule yetu ya ughaibuni, mjini Laurel, Jumamosi mchana, pazia limefungwa nusu, Baba amejizungushia skafu ya buluu humohumo ndani kama mgonjwa wa koo. Wengine ukoko huwakumbusha bibi zao. Mimi hunikumbusha Zagreb, mji ambao sijaukanyaga mpaka leo.

Wikiendi zetu zilikuwa za watu wawili. Mama alikuwa akimhudumia bibi mmoja mgonjwa kule Fairfax, analala hukohuko kuanzia Ijumaa hadi Jumapili usiku, akituachia sufuria ya maharage na maagizo ya kutosha kuendeshea nchi. Nje theluji ilikuwa imegeuka tope la kijivu. Treni ya mizigo ilipita nyuma ya majengo ikitikisa vikombe kabatini. Baba alinisemesha kwa Kiswahili, mimi nikamjibu kwa Kiingereza, na mara nyingi tuliishia kunyamaza wote wawili. Kilichotukalisha pamoja kwenye kochi moja kilikuwa hoki ya barafu.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua utashangaa. Baba alisomea misitu Zagreb, zamani, Yugoslavia ikiwa bado nchi moja na ikipokea wanafunzi kutoka kwetu. Siku wenzake wa bwenini walipompeleka ukumbini mara ya kwanza, alidhani ameletwa kutazama ugomvi, na kwamba kile kidude cheusi wanachokigombania ni kisingizio tu. Akarudi wiki iliyofuata kuona kama wameshapatana. Hawakuwa wamepatana, naye akawa shabiki.

Mechi tuliitazama kwenye kompyuta, ikianza saa saba mchana kwetu, kwao usiku umeshaingia. Kabla haijaanza, Baba alinisimulia historia ya klabu yake kama watoto wengine wanavyosimuliwa habari za sungura na fisi. Jinsi ilivyowavua ubingwa wakubwa wa Slovenia katika miaka ya mwisho ya Yugoslavia. Jinsi nchi ilivyovunjika kwa vita, klabu ikajikuta katika nchi mpya, ndogo, yenye timu za hoki chache mno. Ikabeba ubingwa mwaka baada ya mwaka mpaka ushindi ukakosa ladha.

"Bingwa asiye na mpinzani," Baba alikuwa akisema, "ni mtu anayecheza bao peke yake."

Ndiyo maana klabu ikaomba kucheza ligi ya Waaustria, kisha ligi ya Warusi, ikawa inapanda ndege mpaka kule Urusi inakokaribiana na Japani, na huko mara nyingi ikafungwa. Nilimuuliza kwa nini waende mbali kote huko kufungwa. Akasema huko ndiko waliko wa kuwafunga. Mimi niliona ni ujinga mtupu.

Walipofungwa nilimwambia, pole Baba, nikamletea chai. Aliipokea, akashukuru, akafunga kompyuta, akakaa akiitazama skafu mapajani. Nilijitahidi sana na zile pole. Nilikuwa naongeza sukari.

Jumapili nyingine tulikwenda Oxon Hill kwa Anko Sefu, rafiki wa Baba, ambako Watanzania walichoma nyama hata kwenye baridi ya kung'oa meno. Hapo palikuwa na kelele. Wanaume waligawanyika kwa timu zao za Dar, na aliyefungwa wiki hiyo alikuwa amekwisha. Alisubiriwa mlangoni, akaimbiwa, akapewa kipande cha nyama chenye mfupa mtupu na kuambiwa mabao hayashibishi. Naye alikasirika huku anacheka, akiapa kulipiza. Baba aliondoka nyumbani bado kijana, na timu za Dar hazikumkaa moyoni. Siku moja, kelele zilipopungua, akasema, "Na sisi jana tumefungwa. Mabao sita."

Watu wakatazamana. Anko Sefu akauliza, kwa adabu kabisa, "Nyinyi akina nani, kaka?"

Baba akaeleza. Wakamsikiliza kama mtu anavyosikilizwa akisimulia ndoto. Mmoja akasema, "Oh, pole sana," wakarudi kwenye mpira wao. Njiani kurudi Baba hakuwasha redio. Nikafikiri ni yale mabao sita.

Kisha hita yetu ikafa, Jumamosi, siku ya mechi. Wenye majengo wakamtuma fundi, mtu mkubwa mwenye masharubu, ambaye alipiga magoti mbele ya hita, akageuka kuomba tochi, akaiona skafu. Akasimama polepole. Akasema jambo kwa lugha nisiyoijua, na Baba, baba yangu mpole, mfanyakazi wa ghalani, akamjibu kwa lugha hiyohiyo kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Fundi alikuwa mtu wa Ljubljana kule Slovenia, mji wa mahasimu wao wa zamani. Baba alinitafsiria baadaye. Fundi alisema watu wa Zagreb wanapanda ndege kwenda mbali kwa sababu majirani wamechoka kuwafunga. Baba akasema kipa wa Ljubljana ni chujio la chai, linabakiza majani tu. Fundi akapiga meza. Baba akapiga meza zaidi. Mimi nilijua mtu mkubwa anamtukana baba yangu, nikachukua koti lake, nikasimama nalo mlangoni ili ajue njia ya kutokea. Nilipomtazama Baba, machozi yalikuwa yanamtoka kwa kicheko.

Hita ikawaka. Fundi akaaga akicheka mpaka kwenye ngazi, na hatukumwona tena. Baba hakuwa amemuuliza hata jina.

Majira ya baridi yaliyofuata, nilimkuta Baba zaidi ya mara moja amechutama pembeni ya hita, anaigonga kwa kisigino cha kiatu. Nilidhani anairekebisha. Kilichonishangaza ni kwamba ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Klabu nayo ikachoka. Ikatoka kwa Warusi, ikarudi kwa Waaustria, mwisho ikarudi nyumbani kucheza na timu chache zilezile. Nami nikakua, nikaenda chuo Fairfax, nikaujua upweke wangu mwenyewe, ule wa kula peke yako mbele ya simu. Jumapili moja wanafunzi wenzangu Watanzania walikuwa wakimtafuta kijana ambaye timu yake ilifungwa. Alikuwa amejificha. Wakapanda ghorofa zote, wakagonga mlango wake mpaka akafungua, na alipofungua alikuwa tayari anacheka.

Nilibaki nimesimama pale koridoni. Nikaona kwamba miaka yote ile mimi nilimpa baba yangu pole, naye alikuwa anatafuta mtu wa kumgongea mlango. Ndipo nikaielewa ile hita: alitaka ife tena, ili yule fundi arudi. Nililia, sikufichi.

Lakini mtoto hamtanii baba yake. Utani ni wa babu na mjukuu, wa mashemeji, wa makabila yaliyopigana zamani. Nilitafuta matokeo ya Zagreb, nikapiga simu, na kwa mara ya kwanza sikuanza kwa Kiingereza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, ila naomba ruhusa nimtanie. Akasema niseme.

"Sisi watu wa Ljubljana tumesikia mmefungwa jana. Tena nyumbani. Safari hii hata nauli ya ndege hamkuhitaji."

"Nyinyi wa Ljubljana," akasema taratibu, "lile chujio lenu bado liko golini?" Akacheka, kicheko cha siku ile, mpaka akakohoa.

Nilipokuwa naaga nikamuuliza kuhusu hita, kama bado anaigonga.

"Kumbe uliniona," akasema. Nikasikia treni ya mizigo ikipita nyuma yake, na vikombe kabatini. "Basi, nitaiacha. Tunacheza tena Jumamosi. Tukifungwa, upige."