Leseni ya Redio Isiyokuwa na Mawe

Siku ya kwanza nilipoingia kazini Posta ya Kigoma, Posta Masta alinipa mfuko wa sarafu akaniambia nihesabu. Alikuwa mtu wa Korogwe, mrefu, mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa wanga mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Nilihesabu, nikamtajia. Hata mfuko hakuutazama.

"Wewe mtoto wa Ujiji?"

"Ndiyo, mzee."

"Baba yako anauza nini?"

"Chumvi ya Uvinza na mawese, pale sokoni."

"Basi hesabu tena. Sokoni mnahesabu mara moja kwa sababu pesa ni yenu. Hii si yako."

Nikahesabu tena, ikawa ileile. Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, hata vijiko vya sukari ninavyotiliwa kwenye chai, na marehemu mke wangu alinisema kwa hilo mpaka mwisho wake.

Miaka ya mwanzo nilikaa dirishani nikiuza stempu. Kisha nikahamishiwa upande wa leseni za redio, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuwaeleza, kwa kuwa ninyi vijana mnadhani redio ni kitu cha bure kama umande. Enzi zetu kila nyumba yenye redio ililipa ada kwa mwaka. Ulikuja dirishani, ukatoa pesa, ukapewa karatasi yenye muhuri wa Posta. Karatasi hiyo ndiyo leseni. Moja ilitosha nyumba nzima, lakini nyumba isiyo nayo ilipewa notisi, yaani onyo la siku kadhaa, na siku zikipita tulikuwa na ruhusa ya kuichukua redio yenyewe.

Redio haionekani barabarani, kwa hiyo mkaguzi alifanya kazi kwa masikio. Nilitoka na baiskeli wakati wa taarifa ya habari, nikapita vichochoroni Ujiji taratibu, bila kupiga kengele. Watu wakaijua baiskeli yangu kabla ya kuijua sura yangu. Mtoto mmoja akipiga mluzi, mtaa mzima ulikuwa bubu. Redio zilifunikwa vikapu, zikatiwa kwenye mitungi, na waliowahi kuzima waliapa kwamba ni mbovu. Hapo nilifungua mfuniko wa nyuma, mahali pa betri, ambazo huku kwetu tunaziita mawe. Mawe yakiwa na uvuguvugu, redio ilikuwa inaongea sasa hivi.

Mzee mmoja muuza vitenge nilimkuta mlangoni, na ndani sauti ya mwanamke inasikika wazi.

"Mzee, shikamoo. Hiyo redio ina leseni?"

"Marahaba. Redio gani? Huyo ni mke wangu anaongea."

"Mkeo anataja bei ya pamba ya Shinyanga?"

"Mwanangu, wewe hujaoa. Ukioa utajua wanavyotaja vitu."

Alilipa wiki iliyofuata, baada ya kujaribu kunipunguzia bei kana kwamba leseni ni fungu la nyanya. Kalinzi nako nilipanda msimu wa kahawa, maana wakulima walinunua redio mpya wakati huo, na waliniuliza wote swali moja: kwa nini walipe kila mwaka kwa kitu walichokwisha kukinunua? Tukaletewa jibu na Mkaguzi Mkuu wa kanda, aliyefika kwa treni kutoka Tabora kutufundisha namna ya kusema na wananchi.

"Msiwaambie wanalipia kibati," alisema, akigonga meza. "Waambie wanalipia sauti. Ada hii ndiyo inayomlisha msomaji wa redioni. Asiyelipa, anamnyamazisha msomaji. Semeni."

Tukasema, kama watoto wa shule. Na kwa kweli maneno yale yalifanya kazi. Niliyatumia Ujiji, Rusimbi, Kalinzi, na kila mahali watu walicheka kidogo wakalipa.

Kisha ukaja mwaka ambao watu wa Burundi walivuka kwa wingi. Wengine walishuka milimani kwa miguu, wengine waliletwa na mitumbwi, wakatua Kibirizi kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, wengi wakiwa na kile walichoweza kukinyakua mlangoni. Mtu aliweza kukimbia na sufuria bila mfuniko. Na mwanamke mmoja, Mama Nahimana wa Rumonge, alikimbia na watoto wawili na redio. Mume wake, Bizimana, alikuwa kabaki nyuma kuwafungulia mbuzi. Alisema atawakuta njiani. Hakuwakuta.

Wakati huo redio ilikuwa na kipindi cha kutafutana, mara moja kwa wiki, alasiri. Msomaji alitaja jina la anayetafutwa, la baba yake, kijiji alikotoka, kisha nani anamtafuta na yuko wapi. Waliotaka kutangaza waliandikisha majina kwa makarani wa wakimbizi, na Mama Nahimana aliandikisha la mumewe. Akina Bizimana ni wengi kule, kwa hiyo lilisomwa kwa urefu: Bizimana wa Ntare, wa Rumonge, mkeo na wanao wako Kibirizi, Kigoma.

Nilifika Kibirizi alasiri moja ya siku ya kipindi hicho. Sauti niliisikia tangu kwenye chanja za dagaa. Nilipoingia uani na kofia yangu ya kazi na mkoba wa notisi, uani palikuwa pamejaa watu kama msibani. Nikasema maneno niliyoyasema kila siku: "Nani mwenye nyumba? Nipeni jina."

Waliinuka mmoja mmoja, kimya, wakapita upande wa nyuma wakatokomea. Baadaye nilielezwa kwamba walikotoka, mtu mwenye kofia aliyekuja kuuliza majina hakuwa anauza leseni. Alibaki mama mmoja tu, redio mapajani, kaifunika kwa kitenge chake kama mtoto mgonjwa.

"Amahoro, mama."

"Amahoro. Ngoja amalize," alisema. Kiswahili chake kilichanganyika na Kirundi. "Hajafika Rumonge."

Nikangoja nimesimama. Msomaji akafika Rumonge, akamtaja Bizimana wa Ntare. Yule mama akazima hapohapo, ili asimalize mawe, ndipo akaniinulia uso.

"Sasa sema."

Nikamweleza leseni. Nikamweleza ada. Aliniuliza kama redio yake inaweza kuchukuliwa, nikamwambia ndiyo, sheria inasema hivyo. Alipouliza pesa ile inakwenda wapi, mdomo wangu ukasema ulichozoea: ndiyo inayomlisha msomaji, asiyelipa anamnyamazisha.

"Kumbe anasoma majina kwa pesa yetu?"

"Ego, mama," nilimjibu ndiyo kwa lugha yake, ili aone sina ubaya.

Nilitarajia tupatane bei, angalau aombe siku za ziada. Mimi nimezaliwa sokoni, najua sura ya mtu anayejiandaa kuomba apunguziwe. Yeye hakuomba chochote. Kabla notisi niliyomwachia haijaisha alikuja Kigoma kwa miguu, akanimwagia sarafu dirishani, zote zinanuka dagaa, maana alikuwa kibarua wa kuanika. Nikahesabu mara mbili. Zilitimia.

Miezi ilipita. Nilikuwa na desturi ya kurudi kwenye nyumba zilizolipa kuona leseni ipo. Nikarudi Kibirizi, siku ileile ya majina, saa ileile, na uani palikuwa kimya. Leseni ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye kishikio cha redio. Nikafungua mfuniko wa nyuma kwa mazoea tu. Hamkuwa na mawe.

"Mama, mbona redio haina mawe?"

"Yameisha zamani."

"Hukununua mengine?"

"Pesa nawekea leseni ya mwaka ujao. Haitoshi vyote viwili."

"Sasa unasikiaje majina?"

Alicheka, na sikuwahi kumwona akicheka kabla. "Mimi nisikie nini? Mimi najua niko wapi. Nalipa ili yeye asomwe. Akisikia huko aliko, atakuja."

Nilikaa kwenye kiroba cha chumvi kilichokuwa pale. Nikamwambia pole pole kwamba si hivyo, jina husomwa hata kwa asiyelipa, ada ni ya chombo, si ya jina.

"Lakini wewe ulisema asiyelipa anamnyamazisha msomaji."

"Nilisema, mama. Tunasema hivyo kwa watu wote."

"Basi kwa wote ni kweli," alisema, akaendelea kuchambua dagaa wake. Kesho yake nilimpelekea mawe mawili ya duka la Mwarabu. Alishukuru sana, akaniuliza kama naweza kuyarudisha dukani ili pesa yake iingie kwenye leseni.

Kila wiki nikawa nasikiliza kipindi kile kwenye redio ya ofisini, mimi na Posta Masta, mlango umeegeshwa. Tulikuwa tunamngoja Bizimana wa Ntare kama ndugu yetu. Karibu na mwisho wa mwaka msomaji alifika Rumonge, akavuka bila kumtaja. Wiki iliyofuata akavuka tena. Posta Masta akapiga simu ya upepo kwa pesa yake mwenyewe kuwauliza wenye kipindi. Jibu likaja fupi: muda wa kipindi ni mdogo, majina ya zamani yanaondolewa kupisha mapya.

Januari watu wa leseni walipanga foleni, Mama Nahimana simwoni. Mbalamwezi ilikuwa kubwa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo hawakupatikana ziwani, na wanapokosekana dagaa hakuna cha kuanika. Alipotokea, mwezi ulikuwa umepungua na leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Akaweka sarafu dirishani.

Sikuzigusa. Nikamwambia, "Mama, jina la Bizimana halisomwi tena."

Alishika ukingo wa dirisha. "Kwa sababu nimechelewa kulipa?"

"Hapana, mama. Wallahi si kwa sababu hiyo."

"Ilikuwa mbalamwezi. Waambie ilikuwa mbalamwezi."

Niliacha dirisha, nikaenda nyuma kwa Posta Masta. Nikamwambia siwezi kumuuzia mama yule karatasi, redio yake haina mawe, jina halisomwi, ni kumwibia mchana kweupe. Alikuwa anasaini vitu. Akavua miwani.

"Ukimkatalia, umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli, mzee."

"Umemwambia mumewe amekufa. Wewe una habari hiyo? Nani kakupa?" Akaivaa tena miwani yake. "Nenda kamuuzie."

Nikarudi nikahesabu zile sarafu. Nikahesabu tena, kwa kuwa macho yalikuwa hayaoni vizuri. Nikagonga muhuri. Aliisoma karatasi kwa kidole, ingawa najua hakujua kusoma, akaikunja.

Baada ya mvua za masika wakimbizi walipakiwa kwenye malori kupelekwa makazi mapya, mbali na ziwa. Nilimwona juu ya lori, redio mapajani, leseni inapepea kwenye kamba. Alinipungia mkono kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Sijui habari zake tena.

Kazi nyingine nilifanya nyingi. Nilikaa vifurushi, nikakaa hundi, nikawa msimamizi wa wenzangu. Siku ya kustaafu nilirudisha mkoba, kofia na baiskeli. Redio zilikuwa zimekwisha kuzidi wakaguzi, na hakuna aliyekumbuka habari za leseni.

Siku hizi hapa Rusimbi wanabishana barazani kama kila nyumba yenye televisheni ilipe ada. Wananiuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoza ada. Nawaambia: kama ni lazima, tozeni, kituo cha umma hakijiendeshi kwa dua. Lakini mwambieni mtu waziwazi anachonunua. Msimpe maneno matamu ya kumfungulia mkoba, maana katika watu wote niliowauzia, aliyeyaamini kikamilifu ndiye aliyekuwa na kidogo kuliko wote. Na chombo cha mtu msikichukue.

Kwangu kuna televisheni aliyoninunulia binti yangu. Wajukuu wanapenda mpira. Lakini mara nyingine, baada ya habari, huwekwa picha na majina ya watu waliopotea, na wajukuu hunyoosha mkono kubadili. Nawaambia waache. Wananijibu, "Babu, hatumjui hata mmoja." Nawaambia waache hivyohivyo, mpaka yaishe.