Nilivyojifunza kuacha kula: mchezo wa Go, kompyuta na ndugu yangu wa Mbooni

Wakuu, salamu kwenu wote, hata wale mnaosoma kimya kimya bila ku-like. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na mwenye shaka aje Sultan Hamud tuongee.

Mimi nauza spea za pikipiki hapa mjini. Ndugu yangu mkubwa, Mutua, yuko nyumbani Mbooni na mke wake, Mwende.

Zamani Mutua alifanya kazi ya barabara huko Kitui. Kwa camp kulikuwa na injinia mmoja mgeni aliyemfundisha Go. Kwa msioijua, ni ubao wa mistari, mmoja ana mawe meusi, mwingine meupe, mnaweka moja moja kwa zamu. Ukizunguka mawe ya mwenzako pande zote, unayala. Lakini anayeshinda ni yule aliyezungushia eneo kubwa zaidi.

Halafu Mutua akaanguka kutoka juu ya lori, akaumia mgongo. Siku nyingi sasa ni kitanda au kiti. Mtu aliyekuwa na kelele kuliko Matiliku siku ya soko akawa wa kujibu ndio na hapana.

Alichobaki nacho ni Go. Alinifundisha, tukawa tunacheza kwa simu mchana, wateja wangu wakipungua.

(Mtaniuliza mbona asicheze na watu wa online. Alijaribu. Alisema ukimshinda mtu usiyemjua, huna wa kumcheka.)

Shida ni kwamba nilikuwa ovyo kabisa. Siku moja akanipigia.

"Wewe unakula tu. Kucheza na wewe ni kama kucheza pekee yangu. Wacha tupumzike."

Kesho yake akapiga Mwende. "Shemeji, hiyo game ndio kitu alikuwa anaamkia. Sasa anaangalia tu ukuta. Fanya kitu, tafadhali."

Wakuu, niliogopa. Ndugu yangu alikuwa anatuacha akiwa mzima, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba ya mwisho, tena kwa mikono mibovu.

Nikaweka kwa laptop ya duka programu ya bure inayocheza Go. Ikanichapa. Ikanichapa tena. Nikafunga laptop kwa hasira mpaka mteja aliyekuja kununua brake pads akadhani nimekosana na yeye.

Uzuri ni kwamba programu inakurudishia mchezo wote, jiwe kwa jiwe, na graph ya nani alikuwa anaongoza. Mwanzoni nilikuwa nakariri majibu yake kama mtoto wa shule. Bure kabisa, maana mchezo wa kesho haufanani na wa leo.

Nikabadilisha mbinu. Nikishindwa, natafuta kosa mwenyewe kwanza, nasema kwa sauti "nilipotea hapa", kisha ndio nafungua graph. Mara nyingi nilikuwa nimedanganyika. Nilipodhani nimebanwa, nilikuwa sawa. Nilipodhani nimeua, hapo ndipo graph ilikuwa imeanguka.

Nilikuwa nimetoka kula!

Mawe ya adui hayana pa kwenda, yamekufa tayari, na mimi nayazungukia niyatoe nifurahie. Nikirudi, kompyuta imejichukulia kona nzima.

Nikacheka peke yangu dukani. Mimi nimekulia kwa draft ya vifuniko vya soda, na kwa draft yetu usipokula, kete yako inabebwa. Mkono wangu ulikuwa unaona kuacha ni dhambi. Ilibidi niufundishe upya, review baada ya review, mpaka nikaanza kupita mawe ya bure bila kuyagusa.

Nikamwomba Mutua mchezo mmoja tu. Akakubali shingo upande. Nikacheza vizuri kuliko siku zote.

Katikati ya game akaandika: "Hiyo move si yako. Umeniwekea mashine." Akatoka.

Niliumia, siwafichi. Lakini pia nilifurahi kidogo. Nimedhaniwa kompyuta, mimi!

Jumapili baada ya kanisa nikapanda Mbooni. Nikampa Mwende simu yangu mbele ya Mutua, nikaweka plywood niliyochora mistari mezani, na bakuli mbili. Yeye mahindi meupe, mimi njahi, yale maharagwe meusi.

"Cheza sasa," nikamwambia. "Mashine iko jikoni na shemeji."

Alicheza kwa hasira. Aliniachia mawe ya kula kama chambo, nikayapita. Akaniangalia. Akaniachia mengine, nikayapita pia.

Tulipohesabu, nilikuwa nimeshinda.

Wakuu, nilitamani nimeze zile njahi zote. Nilikuja kumwinua ndugu yangu na sasa nimemshinda kwa kiti chake. Mutua akafuata mawe kwa kidole, moja moja.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, bro."

"Nilidhani nimekushika huku upande. Nilikosea wapi?"

Nikamwita Mwende alete simu, maana nayo nilikuwa nimeiwekea programu, tuingize mchezo tuangalie. Mutua akainua mkono.

"Aiee, wacha. Nataka kuona mwenyewe. Mwende, hii meza isiguswe, hata kuku asikaribie. Na wewe ukikuja Jumapili, utanikuta nimepata jibu. Nitakuchapa vibaya."

Mwende alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha mboga. Akageuka haraka akarudi jikoni, nikamfuata, nikamkuta analia.

"Umesikia?" akaniambia. "Amesema Jumapili. Tangu aanguke hajawahi kuongea juu ya siku inakuja."

Nilichojifunza: kucheza na kompyuta pekee hakunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni kurudi nyuma na kuangalia hata pale nilipojiona mjanja. Na mtu wenu akiwa chini, msimwonee huruma kwenye ubao. Mpeni mchezo wa kweli.

Kuna yeyote hapa anacheza Go, Kitui, Makueni au popote? Jitokezeni kwa comments. Na msinipongeze sana. Hiyo Jumapili ilifika, na Mutua alinichapa kama alivyoahidi, akacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.