Video Tuliyoikata Kwenye Wimbi

Ningekuwa na njia ya kuikana aibu hii ningeikana, ila nusu ya mtaa walikuwepo na nusu iliyobaki wameiona kwenye simu, kwa hiyo bora muisikie kwangu kabla hamjaipata kwa waongeza chumvi: mimi, mwanamke mzima mwenye duka la mapazia Kariakoo, nimewahi kumfokea msibani mtu aliyekuwa ananifuta machozi, na dakika hiyo hiyo nikafukuza akina mama wote jamvini bila kumgusa hata mmoja. Chanzo chake ni video. Siyo ya hivyo, msianze.

Mimi na mume wangu Rashidi tuna kiboti cha tanga. Kidogo kweli, maana tukilala na mmoja akitaka kugeuka, lazima mwenzake naye ageuke. Tulikinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao (bei nilipatana mimi, mpaka Mzungu akaniuliza kama nimetumwa na maadui zake), tukakiita Bei ya Mwisho, na kila nikipata wa kuniachia duka tunaingia baharini, tunajirekodi tunavyopika, tunavyogombania kamba, tunavyotapika, video tunaziweka mtandaoni na watu wanaangalia. Msiniulize kwa nini. Wapo watu bara huko, bahari hawajaiona hata siku moja, lakini sufuria yetu wanaijua mpaka ilipobonyea.

Mtazamaji wetu wa kwanza ni Mama. Anakaa kwenye nyumba ya familia, mtaa wa nyuma ya duka langu, ana presha, na biashara yote niijuayo nimeipata kwake: alianza na mitumba ile miaka biashara iliporuhusiwa, akitandaza nguo juu ya gunia, na kila noti aliihesabu mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya mteja, ya pili kwa ajili yake. Video zetu anaziangalia, ila bahari yenyewe haipendi. Kabla ya safari ile alinishika mkono akaniambia, "Zai, siku nikisikia umezama, nami mnizike siku hiyo hiyo. Moyo wangu huu hauna spea." Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hapo mtaa wa Gerezani kwa wauza vipuri hakuna kinachokosa spea." Yeye hakucheka.

Sasa. Alhamisi tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Bagamoyo, upepo umechafuka, mimi nimeshika simu nawaonyesha watazamaji jinsi Rashidi anavyohangaika na tanga, mara wimbi likaja kutoka ubavuni, kubwa, la kijani, limekuja kimya kimya kama mtu wa kodi. Nilipiga kelele ambayo sikuwahi kuipiga hata siku nilipoibiwa. Rashidi akaita, "Zai!" Simu ikaanguka, picha ikawa nyeusi. Haikupita dakika tukagundua kiboti kiko wima, maji yametufika kwenye vifundo vya miguu, sote wazima, na Rashidi alipoanza kuyachota kwa kopo tukashikwa na kicheko kile cha mtu aliyekoswa na gari. Simu kule chini ilikuwa inaendelea kurekodi, na kicheko kizima kikaingia.

Jioni tukatia nanga nyuma ya kisiwa cha Mbudya, palipo na mtandao, tukakaa kuitengeneza video. Rashidi akasema tuiweke yote, na kicheko chake, watu wajue tuko salama.

"Rashidi," nikamwambia, "wewe ni fundi umeme, mteja humjui. Mteja humfungulii jora zima. Unamwonyesha ncha, unakunja, kesho anarudi mwenyewe."

Basi nikaikata pale pale picha inapokuwa nyeusi, na chini yake nikaandika neno moja tu: Tuombeeni. (Hata maneno mimi nabana.) Kisha nikasema tuzime simu zote mbili mpaka Jumamosi usiku tutakapoweka sehemu ya pili, kwa sababu tukipokea simu ya mtu mmoja tu akajua tuko hai, utamu umekwisha.

"Na Mama?" Rashidi akauliza.

"Mama atajua ni biashara. Si yeye aliyenifundisha?"

Mnaona? Jibu zuri. Mimi majibu mazuri sijawahi kukosa.

Ijumaa kutwa tulikuwa pale kisiwani tunakausha magodoro, simu zimelala. Jumamosi asubuhi tukakiacha kiboti upande wa Kigamboni, tukavuka na pantoni hadi Magogoni, Rashidi na ile injini yetu ya akiba begani, iliyoingia maji, akashika njia ya Gerezani kumtafuta fundi, mimi nikaelekea kwa Mama na mfuko wa samaki. Nilikuwa nimevaa suruali ya Rashidi yenye oili na fulana iliyokauka na chumvi, sauti imenikauka kwa kelele za juzi, na nakumbuka nilikuwa na furaha, nahesabu kichwani watazamaji tutakaokuwa tumepata.

Nikakata kona ya mtaa wetu. Nikaona turubai.

Limefungwa kutoka nguzo ya umeme mpaka kwenye nondo za dirisha la Mama. Chini yake viti vya plastiki, wanaume wamekaa wameinamisha vichwa, na kwenye uchochoro sufuria kubwa ziko motoni.

Nikarudi nyuma ya kona. Miguu ilinirudisha yenyewe. Nikasema labda nimekosea mtaa (mtaa niliozaliwa!), nikachungulia tena, na turubai likawa bado liko kwenye dirisha la Mama. Nikaitoa simu, nikaiwasha, ikachukua muda wake kama haina habari na mtu, ilipowaka ikaanza kutetemeka kwa ujumbe unaoingia mfululizo, na wa juu kabisa ulikuwa wa Mjomba Sudi kwenye kundi la familia: "Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Turubai limefika. Vijana njooni mpange viti." Nikataka kushuka chini nione jina la marehemu. Chaji ikaisha.

Ninyi mnaosikiliza mmeshajua. Mimi sikujua. Nilichojua mimi ni kwamba nina mama mwenye presha, ambaye huangalia kila video ninayoweka, na kwamba juzi nilimwekea yangu nikipiga kelele kisha giza, nikamwambia aniombee, halafu nikazima simu. Nikamwona kichwani mwangu amekaa kwenye kiti chake karibu na friji, anapiga, simu haipatikani, anapiga tena. Moyo hauna spea.

Lazima niingie, lakini ndani ya suruali ya oili haiwezekani, kwa hiyo nikamfuata kijana wa khanga aliyekuwa anatembeza mzigo pale barabarani.

"Elfu kumi na mbili, dada."

"Saba," nikasema. Machozi yananimiminika.

"Dada unalia?"

"Nimefiwa na mama. Saba."

"Aah, pole sana, dada'angu. Chukua kwa kumi."

"Nane, na nipe chenji yangu mapema, nachelewa msiba."

Alinipa kwa nane, nikahesabu chenji, nikahesabu tena. Sijivunii. Nawaambia tu mjue mtu wa aina gani alikuwa anaelekea pale.

Nikajifunga moja kiunoni, nyingine nikajifunika kichwa na uso, nikapita uchochoroni kwa akina mama, nikaingia uani bila kumtazama mtu. Kuuliza sikuuliza. Msiba uko kwenu, unawezaje kufika na kuuliza nani amekufa? Isitoshe nilikuwa naogopa jibu, maana ambalo halijasemwa, kama bei, bado linaweza kupungua. Nikakaa mwisho wa jamvi, nikainama, na kupitia upenyo wa khanga nikaanza kuhesabu. Dada yangu mkubwa Mwajuma, yupo, macho yamevimba. Shangazi yupo. Wifi zangu wapo wote. Mama hayupo. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, kama ninavyohesabu majora mzigo ukishuka. Mwajuma, Shangazi, mawifi. Kiti cha Mama karibu na friji kitupu, na juu yake khanga yake imekunjwa.

Hapo ndipo nilipolia kweli. Sauti haikutoka, kilitoka kitu kama cha pampu iliyokosa maji.

Mkono ukanishika begani. Ni Mama Hansa, jirani yetu wa miaka mingi, Mhindu mwenye duka la vyombo, amevaa sari nyeupe kama wanavyovaa kwenye misiba yao. Akanifuta machozi kwa ncha ya sari juu juu ya khanga.

"Pole, binti. Lia tu. Hata mimi toka jana nalia." Akapumua. "Alikuwa anakuja kwangu dukani, anashika sufuria moja saa nzima, Mama Hansa nipunguzie, Mama Hansa nipunguzie."

Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyokuwa.

"Na ukishampunguzia anaomba na mfuniko wa bure."

Nikaitikia. Nikalia zaidi.

"Mtu mzuri, lakini tuseme ukweli, alikuwa bahili kidogo. Kidogo tu. Bahili."

Jamani. Machozi ya kumlilia mama yangu hayajakauka, mtu anamwita bahili juu ya jamvi lake! "Mama yangu hakuwa bahili!" nikamfokea kwa ile sauti ya pampu. "Alitulea sita kwa gunia moja la mitumba! Wewe na masufuria yako yanayovuja!"

Mama Hansa akanitazama. "Mama yako? Mama yako nani? Mimi namsema Zai."

"Zai gani?"

"Zai wa boti. Aliyezama na mumewe."

Mnajua, akili haikukimbilia kufurahi. Ilikwenda pale pale ilipokuwa inauma. "Na Mama yake?" nikauliza. "Mama yake Zai yuko wapi?"

Kabla hajajibu, kutoka chumbani, nyuma ya pazia (nililomshonea mimi), nikasikia mwanamke anapiga kelele. Kisha mwanamume anaita, "Zai!" Kisha kimya. Kisha upepo, tanga linapigapiga, na mwanamke yule yule anapiga kelele tena.

"Ndiyo hivyo toka juzi," Mama Hansa akanong'ona. "Amejifungia na simu. Chakula hali, dawa hanywi, hataki tuseme msiba. Tunaogopa tutazika watatu."

Nikasimama. Khanga ya kichwani ikabaki mkononi mwa Mama Hansa.

Ya hapo katikati mmeyaona. Shangazi alikimbilia sebuleni akapita dirishani, dirisha lisilo na nondo ambalo siku zote anasema magoti hayamruhusu hata kulifunga, wifi mmoja alitoka na kiti cha plastiki kimemnasa, akafika nacho mpaka mtaa wa pili, na Mwajuma, dada yangu wa tumbo moja, alinirushia sahani ya ubwabwa akisema, "Rudi ulikotoka!" Kule mbele nako wanaume walikuwa wamenyamaza kwa sababu yao: Rashidi alikuwa amefika, fundi amemkosa, injini bado begani, akaona turubai, akaiweka chini, na kwa heshima zake zote akaanza kuwapa mkono mmoja mmoja, "Poleni sana, poleni sana," mpaka alipofika kwa Mjomba Sudi, aliyeupokea mkono ule na kukaa chini taratibu penye maji ya kunawia. Baadaye tulielezwa kwamba ukurasa mmoja wa umbea uliichukua video yetu ukaandika wamezama, mwingine ukaongeza miili imeonekana, na Mjomba, ambaye kwa turubai ana mkono mwepesi, hakungoja wa tatu.

Lakini mimi hayo sikuyaona. Nilikuwa nimeshapita pazia.

Mama alikuwa amekaa kitandani amenipa mgongo, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Nimesema sili," akasema bila kugeuka.

"Mama."

Aligeuka. Akanitazama mimi, akaitazama simu, akanitazama mimi tena. Akanivuta mkono, akaubonyeza juu, akaubonyeza chini, kama anavyobonyeza kitambaa asichokiamini. Mikono yake ilikuwa ya baridi kiasi kwamba niliogopa nimemkuta hai ili afie mbele yangu. Nikaitafuta dawa, nikammiminia maji, akanywa, yakamwagika nusu. Hakunigombeza. Ningelipia anigombeze.

"Nilikuwa nairudia," akasema. "Kila nikiibonyeza nasema safari hii itaendelea kidogo. Inaishia pale pale."

Nikaichukua ile simu mikononi mwake.

"Kwa nini mliikata, Zai?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu la mteja tangu nipande ngazi ya duka, nilikaa sakafuni nikaweka kichwa kwenye magoti yake, na jibu halikuja. Halijaja mpaka leo.

Ubwabwa ulilika wote. Mjomba Sudi aliposikia mwenye turubai harudishi hela akasema basi tukae mpaka jioni, tukakaa, Mama Hansa upande wangu mmoja (nilimwomba radhi kwa masufuria, yeye la ubahili hakulifuta). Jirani mmoja alirekodi Shangazi anavyotoka dirishani, na mpaka leo video hiyo imeangaliwa kuliko zetu zote za bahari zikijumlishwa. Nimejumlisha. Mara mbili.

Baharini bado tunaenda. Lakini video sikati tena, na kila moja inaanza nimesimama nchi kavu, miguu inaonekana, nasema, "Mama, tumefika." Ndipo mawimbi yanafuata. Watazamaji wanalalamika kwamba nawamalizia utamu mwanzoni, na wengi wametukimbia. Mama hajatukimbia. Mwajuma anasema Mama akiifungua anasikiliza hayo maneno mawili, anairudisha nyuma, anayasikiliza tena, kisha anaizima simu na kwenda kupika. Hayo mawimbi hayaangalii kabisa.