Maganda Ndani ya Mlango

Juzi nilikuwa gereji pale Bugene nikisubiri pancha yangu izibwe, akaingia bwana mmoja wa makamo kutoka Ihanda na pikapu kuukuu ya milango minne. Kioo cha nyuma kushoto kilikuwa kimegoma kupanda, na mvua ilikuwa karibu.

"Jumapili nampeleka mtu kanisani," akamwambia fundi. "Huyo hatakiwi kulowa."

Fundi akaangalia fyuzi, ilikuwa nzima. Akachomeka hapo swichi ya mlango mwingine, kioo hakikusogea. Akaweka sikio mlangoni, akabonyeza tena.

"Mota inanguruma, mzee. Kuna kitu kimekwama."

Alipobandua kava la mlango, yakamwagika maganda makavu ya kahawa ya kutafuna, ya kujaza bakuli. Kuna mtu alikuwa akiyasukumiza kwenye upenyo wa kioo, moja moja, ili asichafue gari la watu.

"Mwambie anayekaa hapa awe anayatupa nje," fundi akasema huku akicheka.

Yule bwana akavua kofia. "Anayekaa hapo ni mama mkwe."

Fundi akaacha kucheka. Akasafisha, akapaka grisi, kioo kikapanda. Kava akalirudisha kwa skrubu mbili tu, nne akampa mwenye gari mkononi.

"Zitunze, mzee. Ukirudi tusichelewe kufungua."

Yule bwana akazipokea kwa mikono miwili. Kioo kimepona. Ugonjwa wenyewe hakuna fundi wa kuugusa Karagwe nzima.