Robe ya Kijani Kwenye Meli ya Kabalo

Niliondoka Kamina kwa sababu bwana yangu aliitwa aonekane akila. Ninyi wanawake wenzangu wa kambi ya reli mtacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Donatien alikuwa karani wa tikiti, na gare moja ndogo, stesheni ya upande wa Kaniama, ilikuwa haina shefu wa kuisimamia. Muzungu mkubwa wa makarani alikuwa anashuka Kabalo kwa meli, maana wakati ule reli ya Kabalo ilikuwa bado haijajengwa. Akaagiza Donatien asafiri kwa meli hiyo hiyo pamoja na bibi yake, wale kwenye chumba cha chakula, meza ya makarani. Hakusema kwa mdomo kwamba anataka kuona kama tunafaa kupewa gare na nyumba yake ya matofali. Hakuwa na haja ya kusema.

Basi likabaki swali la mimi nitavaa nini, na kwa mlango huo akaingia Mama Odile.

Alikuwa jirani yetu. Mumewe, fundi wa mashine, alikuwa amehamishiwa Kabalo, naye alikuwa anamfuata, na Donatien alikuwa ameahidi kumsindikiza. Mama Odile alisoma kwa masista huko Kasai. Alijua Kifaransa, na alikuwa ameshapanda ile meli mara mbili. Akaja kwetu jioni moja kutufundisha.

"Mabega yafunikwe," alisema. "Viatu vya kufunga, hapana miguu mutupu. Kilemba kidogo tu, kisizibie bantu macho. Na robe, gauni lenyewe, ipite magoti."

Donatien alimsikiliza kwa umakini ambao mimi nilikuwa sijauona tangu siku za uchumba. Kisha akamuuliza robe yake ikoje, na Mama Odile akaenda kuileta. Ilikuwa ya kijani, yenye maua madogo meupe. Donatien akaishika pindo, akaigeuza, akasema, "Hii njo robe," kana kwamba nyingine zote si robe. Siku mbili nzima alikuwa anaitaja ile robe, akila anaitaja, akifunga kamba za viatu anaitaja. Yangu ya buluu, ya Pasaka, nilimwonyesha, akasema iko muzuri bila kuinua kichwa.

Nasema wazi: niliona wivu. Asubuhi ya tatu nilikwenda dukani nikatafuta kitambaa kile kile, nikakipata, nikakipeleka kwa Papa Mutombo fundi wa kushona.

"Mama Ngoie," akasema, "kitambaa hii nilishonea Mama Odile juzijuzi."

"Najua. Yangu uitie kola, na mikono mirefu."

Alinitazama juu ya miwani yake, akataka kusema neno, akalimeza. Leo namlaumu kwa kulimeza lile neno, ingawa najua nisingemsikiliza.

Siku ya safari tulifika gare alfajiri. Donatien alibeba sanduku la Mama Odile, nami nikabeba langu. Ndani ya gari la moshi la kwenda Bukama alimpa Mama Odile kiti cha dirishani, ati moshi unamkera. Mimi moshi haunikeri? Nilikaa katikati ya kikapu cha kuku wa mtu na goti la mtu mwingine, na sanduku langu nikaliweka miguuni, nikilikanyaga kidogo kila nilipokumbuka kilichomo.

Kabondo-Dianda gari lilisimama kunywa maji, na akina mama wakaja madirishani na karanga za kuchemsha na samaki wa kukausha. Donatien alinunua karanga, akampa Mama Odile kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na dirisha. Najua ndiyo sababu. Nilihesabu tu muda uliopita kabla ya karanga kunifikia.

Bukama tulilala kwa ndugu yake Donatien, na asubuhi tukashuka gatini. Meli ilikuwa nyeupe, na gurudumu lake kubwa la mbao lilikuwa nyuma. Chini walikaa abiria wa mikeka, na mbuzi, na magunia. Juu vilikuwa vyumba vidogo vya kulala na chumba cha chakula chenye mapazia. Donatien alilala na karani mmoja wa Malemba, na mimi nikawekwa chumba kimoja na Mama Odile. Kitanda cha juu alikichukua yeye, akisema mimi ni mkubwa wake nisipande ngazi. Hata wema wake ulinichoma.

Mchana wote tulishuka Lualaba. Mto ulijigawa katikati ya mafunjo mpaka nikadhani tumepotea, kisha tukatoka kwenye maji mapana ya ziwa Kisale. Visiwa vya majani vilikuwa vinatembea vyenyewe, na juu ya kimoja wavuvi wa upande wa Sanga walikuwa wamejenga kibanda na wanapika. Mama Odile aliniita nitazame. Nilitazama, lakini macho yangu yalikuwa yanauliza saa.

Saa kumi na mbili jioni kengele ya kwanza ililia. Mama Odile alivaa, akajipaka poda, akaniuliza kama nataka msaada. Nikamwambia atangulie. Alipofunga mlango nikaitoa robe yangu chini ya sanduku, nikaivaa, nikafunga kola. Katika kile kioo kidogo nilijiona nimemshinda.

Walikuwa wananingoja mlangoni mwa chumba cha chakula, Donatien ndani ya koti lake jeusi, Mama Odile pembeni yake. Mlango ulishikwa na mkubwa wa wapakuzi, mzee mrefu mwenye nguo nyeupe, jina lake Papa Sebastien. Aliniangalia mimi, akamwangalia Mama Odile, akatuangalia tena kuanzia mabega mpaka viatu. Kisha akamsogelea Donatien na kusema polepole, kwa heshima:

"Karani, unisamehe. Meza hii iko ya muntu na bibi yake moja. Njo amri ya kapiteni. Bake babili banakataza."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kwetu Waluba, na kwa wengi kando ya mto ule, mume mwenye wake wawili hununua kitambaa kimoja akakikata sawasawa, ili pasiwe na mmoja wa kulia. Baba yangu mwenyewe alifanya hivyo. Mama yangu na mwenzake walivaa sare kila sikukuu, na mama yangu kila sikukuu alinuna. Mimi niliyekulia katika nyumba ile nilijinunulia alama ya uke wenza kwa mkono wangu, nikaileta kwenye mlango wa watu waliokuja kumpima mume wangu.

Bado ningeweza kuokoa mambo. Papa Sebastien, labda kwa kutaka kutusaidia, aliuliza, "Sasa bibi mukubwa ni nani? Yee aingie, mudogo ale chini."

Na mimi, kwa kuogopa tu Donatien asimtaje Mama Odile, nikajibu haraka, "Minyi! Minyi njo mukubwa!"

Donatien akageuka. "Weye unasema nini, Ngoie?"

Muzungu wa makarani alikuwa meza ya kapiteni, kijiko mkononi. Aliuliza kitu kwa Kifaransa, Papa Sebastien akamjibu. Muzungu akatutazama sote watatu, akarudi kwenye supu yake. Mlango ukafungwa kwa upole kabla Donatien hajajieleza.

Tulikula mkate na samaki wa kopo nje, tumesimama. Mama Odile aliiangalia robe yangu, nami nikangoja tusi, nikalingoja kwa hamu, maana tusi lingenipa cha kumjibu.

"Amekushonea muzuri," akasema. "Na hii kola, robe yako iko muzuri kuliko yangu."

Nilitafuta dhihaka katika sauti yake na sikuipata. Msiniulize kama ilinituliza.

Asubuhi ya pili Donatien aliniita kwenye ukingo wa meli. Macho yake yalikuwa mekundu. "Gare imekwenda," alisema. "Muzungu anajua sasa niko na bake babili. Atanipeleka wapi? Hata hii kazi ya tikiti sijue kama nitabaki nayo. Na weye njo ulisema, kwa mdomo yako."

Nilimfuata Papa Sebastien jikoni. Alikuwa anafuta uma kwa kitambaa, mmoja mmoja. Nikamwambia kwamba sina mwenza, kwamba nilikosea, kwamba ni wivu tu.

"Mama, minyi ninakusadiki," alisema. "Lakini muzungu njo wa kuambiwa. Weye ukisema, atafikiri bwana yako amekutuma. Ule mwengine njo aseme."

Sijui kama nimewahi kutembea njia ndefu kuliko ile ya kutoka jikoni mpaka alipokaa Mama Odile. Alikuwa chini, kwa abiria wa mikeka, anamsaidia mama mmoja kumenya mihogo iliyolowekwa mpaka ikalainika. Nilichuchumaa. Nikamwambia yote: pindo la robe mkononi mwa Donatien, siku mbili za sifa, kitambaa, kola. Nilimwambia hata kuhusu karanga. Alinisikiliza bila kuacha mihogo.

"Nitasema," akajibu. "Lakini nitasema yote, hata sababu."

"Sema."

"Na leo weye uvae robe yako. Minyi nitavaa kikwembe."

Jioni ile, kengele ilipolia, nilisimama tena mlangoni na Donatien. Mama Odile alikuja kutoka chini, miguu mitupu, kikwembe kimefungwa kifuani, harufu ya moshi wa jiko mwilini mwake. Papa Sebastien alimwacha apite hatua tatu tu. Mama Odile akasimama hapo, akamwambia muzungu maneno kwa Kifaransa, marefu, bila kutetemeka. Mimi sikuelewa ila jina langu, na jina la mume wake, na jina la Donatien. Muzungu aliuliza, akajibu na kuonyesha karatasi aliyoitoa kwenye kikwembe. Kapiteni alicheka, mkewe aliyekaa pembeni yake hakucheka. Nilimwona Donatien anaangalia viatu vyake, masikio yamemwiva.

Kisha Mama Odile akatuaga kwa kichwa na kurudi chini. Muzungu akaashiria tuingie, na Papa Sebastien akanivutia kiti.

Tulipewa supu, na baada yake kuku, na mimi nikala kwa kisu na uma kama nilivyofundishwa. Kisha nikamuuliza Donatien Mama Odile alisema nini.

Aliweka uma chini. "Alisema weye njo bibi yangu moja tu. Alionyesha barua ya mume wake."

"Na sababu?"

"Alisema wivu yako haikuanza na weye. Alisema bwana akisifu robe ya jirani siku mbili, na ya bibi yake haangalie, bibi afanye nini? Alisema kama angekuwa weye, na yee angeshona hii hii." Akanywa maji. "Mbele ya muzungu, Ngoie."

Kutoka chini tulisikia watu wanacheka kuzunguka sufuria, na sauti ya Mama Odile ikiwa juu ya zote. Nilikuwa na meza, na mapazia, na mume wangu peke yangu, na robe yenye kola. Na bado nilimwonea wivu. Safari hii haikuwa kwa ajili ya kitambaa. Ilikuwa kwa ajili ya moyo wake: mimi katika nafasi yake ningeweza kumwacha mwenzangu azame.

Kabalo tulifika siku mbili baadaye. Mume wa Mama Odile alikuwa gatini anampungia kofia. Nilitaka kumshukuru Mama Odile, nikamshika mkono tu, muda mrefu kuliko adabu. Akasema, "Mubaki salama, Mama Ngoie," akaenda. Kabla ya jua kuchwa muzungu alimwita Donatien ofisini na kumpa karatasi. Gare ilikuwa yetu. Donatien alirudi anakimbia, na mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa mimi.

Tulirudi kwa meli ile ile, ikipanda mto polepole. Sitawadanganya kwamba niliuacha wivu Kabalo. Nilichojifunza ni kuutambua unapoanza, kabla haujanifikisha dukani.

Siku ya pili ya kurudi, tulipokuwa karibu na Malemba, kengele ya chakula ililia, na mlangoni nikamkuta mwanamke kijana, mke wa karani aliyepanda asubuhi. Alikuwa amevaa kikwembe na kiblauzi kisicho na mikono, na Papa Sebastien alikuwa anamwonyesha mabega yake na kutikisa kichwa. Mume wake alikuwa ameshaketi ndani, hajui afanye nini. Machozi yalikuwa karibu kumtoka yule mwanamke.

Nilivua triko yangu, sweta ya vifungo, nikamvisha, nikamfunga vifungo mwenyewe.

"Papa, sasa mabega iko wapi?" nikauliza.

Papa Sebastien aliangalia, akatabasamu, akasogea pembeni. Yule mwanamke alinishukuru kwa mikono miwili. Alikuwa mzuri sana. Ile triko, ambayo kwangu ni triko tu, kwake ilikuwa kama imefumwa kwa ajili yake, na nilipogeuka nikamwona Donatien ameshaona.

"Njoo, dada, kula na siye," nikamwambia. "Bwana yako atakaa hapa, na bwana yangu."

Nikamshika mkono na kumketisha upande wangu wa ukutani, mbali na Donatien.