Penye Lori la Kasmir

Mtaa wa Sikukuu, pale Kariakoo, ulijua mambo mawili juu ya Kasmir dereva: lori la shirika aliliendesha kama amebeba mayai, na tumbo lake halikudanganyika. Kutoka bandarini mpaka Singida alijua nani anachoma mbuzi wa kueleweka, nani anaongeza maji kwenye mchuzi, na mama yupi wa Gairo ambaye maharage yake humnyamazisha mtu mzima. Madereva wenzake walikuwa na kanuni yao: ukiona lori la Kasmir limesimama, nawe simama, hapo pana chakula.

Aliyechoshwa na sifa hizo ni mkewe, Severa. Kasmir alikuwa akila wali wa nyumbani huku akisimulia masufuria ya watu. Anamaliza sahani, ananawa, analala. Tangu wafunge ndoa hajawahi kusema kwamba chakula cha mkewe ni kitamu. Severa hakuwa mtu wa kuomba kusifiwa, lakini jambo hilo lilimuuma, tena sana.

Mwaka ule wa njaa na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, dada yake Severa alijifungua huko Singida, na Severa akasema safari hii anapanda lori. Akamfungashia mzazi kikapu: mchele alioupangia foleni duka la ushirika, nazi, ng'onda, wale samaki wakavu wa sokoni, na mbuzi ya kukunia, maana huko bara angeipata wapi mwenzake?

Kasmir akaondoka kwa mbwembwe, akiahidi kumlisha mkewe mpaka asahau jiko. Masikini, hakujua. Gairo maharage hakuna. Mchoma mbuzi alikuwa amehamia kijiji cha ujamaa, banda lake limebaki miti mitupu. Kila waliposimama palikuwa na chai ya rangi isiyo na sukari. Severa aligeukia dirishani ili asionekane anacheka.

Walipoiacha Dodoma wakaingia kile kipande kikavu ambacho madereva hukiita jangwa: vumbi, miiba, na jua lisilo na adabu. Katikati yake rejeta ikachemka. Kasmir akaegesha pembeni, akafungua boneti, akasubiri ipoe.

Likatokea lori la Uwesu, mwenzake wa siku nyingi. Uwesu akaliona la Kasmir, akasimama, akashuka na sahani yake mkononi. Nyuma yake akaja Theophil, kisha wengine wawili. Wote wakatafuta kivuli, wakakaa, wakaulizana leo kuna nini. Hapo mtu mwenye akili angesema rejeta imechemka. Kasmir alishusha boneti polepole, akawaambia wasubiri kidogo, kinakaribia kuiva.

Kisha akazunguka nyuma ya lori, jasho likimtoka, akamweleza mkewe alivyojifunga mwenyewe. Jina lake lote la barabarani lilikuwa ndani ya kile kikapu cha mzazi.

"Mama Vitalis, niokoe."

Severa alikivuta kikapu karibu. "Nitapika," alisema. "Lakini wakishashiba, utawaambia ukweli. Wote, na wewe ukiwa umesimama."

Uwesu alitoa sufuria, Theophil dumu la maji, kuni zikaokotwa vichakani. Severa akakalia mbuzi yake katikati ya nyika, akakuna nazi kana kwamba yuko uani kwake. Wali wa nazi ukaiva, ng'onda wakaungwa, na harufu ikawanyanyua wanaume wale kabla hawajaitwa. Walikula bila kuzungumza. Uwesu alipolamba vidole mara ya pili, akauliza mpishi huyu alikuwa amefichwa wapi.

Kasmir akasimama.

"Rejeta ilichemka," alisema. "Sikusimama kwa ajili ya chakula. Huyu ni mke wangu. Chakula kama hiki nakila nyumbani miaka yote, na sijawahi kumwambia kitu."

Walimcheka mpaka walipochoka, kisha wakamjazia maji kwenye rejeta. Kule Singida dada mtu alipokea mbuzi ya kukunia na hakuna hata nazi moja ya kukuna. Alinuna siku ile, akapozwa na mzigo wa safari iliyofuata.

Mwezi ule ule Kasmir alichelewa bandarini, akarudi Mtaa wa Sikukuu na njaa yake. Nje ya nyumba palikuwa na malori yameegeshwa hadi kwa jirani. Uani Uwesu, Theophil na wenzao walikuwa wananawa mikono, matumbo mbele, kila mmoja akimwita Severa shemeji. Kasmir akafunua sufuria. Tupu.

"Ungewahi, Baba Vitalis," alisema Severa, akamkwangulia ukoko.

Kasmir akachutama jikoni, akautafuna ukoko ule mpaka wa mwisho. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Mtamu," alisema.

Severa aliendelea kuosha sahani. "Sema kwa sauti," akamwambia, "Uwesu hajasikia."