Upepo wa Bar Mbili na Nusu

Mwanangu, asubuhi ile kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa kijana, natia upepo mipira ya magari pale Wete. Wazee wangu walikuwa wamekwisha kunipelekea posa kwa Mzee Shaame wa Mgogoni, kwa binti yake Mwanaidi, na jibu lilikuwa halijaja. Nilikuwa sili nikashiba.

Mara Mzee Shaame mwenyewe akasimamisha gari mbele yangu, anakwenda maulidini Micheweni. Nikamwamkia kwa adabu zangu zote. Akaniambia nitie bar mbili na nusu kila mpira. Geji yetu ya kupimia upepo ilisoma kilopaskali, lakini hilo halikunibabaisha: bar moja ni kilopaskali mia, basi hizo ni mia mbili na hamsini. Hesabu nikaipata. Adabu ndiyo iliyoniponza, maana sisi huku pishi ya mfuto, iliyosawazishwa kwa mkono, humpimia mtu baki. Mkwe hupimiwa pishi ya kufura, mpaka mchele umwagike. Sasa mimi nimpimie baba wa Mwanaidi kwa mfuto? Nikaongeza. Mia tatu. Mia nne. Nikaona bado sijamheshimu vya kutosha. Mpira ukapasuka, na kofia ya mzee ikaangukia mtaroni.

Wenzangu wakanikonyeza niseme mpira ulikuwa mkuukuu. Nilitaka kusema hivyo, wallahi. Lakini nilipomwona mzee ameshika kifua niliona haya, nikamweleza yote, hesabu na pishi.

Mzee akaiokota kofia yake. "Mchele ukizidi watakula kuku," akasema. "Upepo ukizidi ataula nani?"

Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Tukabadilisha mpira, nikatia mia mbili na hamsini kamili. Alipoingia garini akaniambia, "Wazee wako waje Ijumaa. Na wao waje na mfuto, wasinizidishie maneno."

Ngoma ikilia sana hupasuka, mwanangu. Ukishageuza bar kuwa kilopaskali, simama pale hesabu ilipokusimamisha. Upepo haujui mkwe wala mtu baki. Ukarimu wako uweke kwenye mchele. Na ukikosea, sema ulivyokosea, hata kama roho inakudunda. Mimi hesabu haikunipa mke, wala adabu haikunipa. Kweli ndiyo iliyoniozesha. Mungu akujaalie mkono wenye kiasi, ulimi usiojificha, na mkwe anayejua kucheka. Amin.